Makofi Kwenye Laini ya Namanyere

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga nilivaa masweta mawili, na bado meno yaligongana. Nilikuwa nimetoka Tanga, ambako sweta ni nguo ya mtoto mchanga. Mkuu wa Kituo cha Simu, mzee mrefu aliyefunga tai hata Jumamosi, alinitazama akasema, "Binti, huku baridi haiombi ruhusa. Kaa karibu na mashine, ina joto kidogo." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Mkoa wa Rukwa ulikuwa bado mchanga. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinapangwa kila upande, na kila ofisi mpya ilitaka simu. Ninyi mnaotembea na simu mfukoni niwaeleze kidogo. Opereta alikaa mbele ya suichibodi, yaani ubao mkubwa wenye vitundu, kila kitundu kikiwa laini ya ofisi, duka au mji mwingine. Simu ikiita, kijibati kilidondoka juu ya kitundu chake. Ulichomeka kamba, ukauliza, "Namba, tafadhali?" kisha ukachomeka kamba ya pili kwa anayetafutwa. Wananchi wasio na simu walipigia kwenye kibanda kilichokuwa mbele, upande wa wateja. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta. Sikuwaona; niliwasikia tu.

Nilipewa miezi sita ya majaribio. Ukifaulu unathibitishwa kazini, ukishindwa unarudishwa kwenu. Mama alilia niliposema napelekwa Sumbawanga, kwa yale yanayosemwa pwani kuhusu jina la mji huu, kwamba maana yake ni "tupa uchawi", lakini alipomaliza kulia alitangaza mtaa mzima kuwa mwanawe ni mtumishi wa serikali. Kurudi na begi langu mbele ya mtaa huo lilikuwa jambo nisiloweza hata kulifikiria.

Nilipanga chumba Kizwite kwa Mama Yustina, Mfipa mwenyeji wa huku, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kanisani asiyekosa misa. Wiki ya kwanza nilikwenda kwenye duka la Mwarabu mmoja mjini kuulizia nazi. Alicheka hadi akashika kaunta. "Dada, nazi huku ni kama wewe. Inakuja mara moja moja, na ikifika inatetemeka." Nikajifunza kula ugali wa ulezi kwa maharage, na kufikia mwezi wa pili nilikuwa naongeza.

Chakula kilinipokea kabla ya kazi. Tatizo lilikuwa laini ya Namanyere, mji mdogo ulio kaskazini yetu. Fundi wa laini, Lazaro, alikuwa amenifundisha kwamba upepo wa Ufipa ukivuma, waya hupigana juu ya nguzo, na kwenye hedifoni utasikia pa, pa, pa. Ukisikia hivyo, chomoa kamba, andika kwenye tiketi, kikaratasi cha kumbukumbu ya kila simu, "laini mbovu", naye atakwenda kuangalia. Nilifuata kama nilivyoambiwa. Mtu anaunganishwa na Namanyere, anasema maneno mawili, kimya, halafu pa, pa, pa. Nachomoa. Mwingine anaunganishwa, kimya, pa, pa, pa. Nachomoa. Lazaro alipanda baiskeli na mikanda yake ya kukwelea nguzo, akarudi ana matope hadi kwenye nyusi.

"Dada Mwanaidi, waya ziko sawa."

"Nimezisikia kwa masikio yangu, kaka."

"Basi masikio yako nayo yapande nguzo!"

Malalamiko yakajaa mezani kwa Mkuu wa Kituo. Aliniita, akayapanga kama karata. "Huyu anasema umemkatia akizungumza na mjomba wake. Huyu, na babake. Huyu, na mama mkwe wake, mara tatu! Binti, una ugomvi na wazee wa watu?" Akasema, "Umebakiza wiki saba. Sitaki kuandika barua ya kukurudisha Tanga, lakini kalamu ninayo."

Jumapili hiyo mkwe wa Mama Yustina alikuja kutoka Malangali, ng'ambo ya mji. Nilikuwa uani naosha sufuria. Kijana hakuingia. Alichuchumaa mlangoni, akainamisha macho, akakunja viganja na kuvipiga taratibu: pa, pa, pa. Akanyamaza. Mama Yustina akaitikia kutoka ndani. Akapiga tena. Sufuria iliniponyoka.

"Mama, anafanya nini?"

"Anasalimia. Kwani kwenu mkwe anasalimiwaje?"

"Kwa mdomo."

"Salamu ya mdomo ni ya sokoni," akasema, bila kunionea huruma.

"Na kwenye simu je?"

"Sasa mwanangu, heshima ibadilike kwa sababu ya waya?"

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo, nikakiri. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Bukoba, na hakuwa amejua. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kumbe miezi yote hii unawakatia watu shikamoo!" Kisha akatoka nyuma ya ukuta kwenda kuangalia kibanda, akarudi akishika tumbo: kulikuwa na mzee ndani, mkono wa simu ameubana kwa bega na sikio, viganja vyote viwili vinasalimia. Lazaro aliposikia alikaa chini. "Mimi, Mfipa halisi, nimepanda nguzo kumi na saba kutafuta makofi!"

Kucheka hakukufuta malalamiko. Mkuu alisema wazi kwamba kosa moja zaidi litatosha. Nilianza kusikiliza upya. Niligundua kuwa waya hugongana ovyo, kwa kadiri upepo unavyotaka, lakini makofi yana mwendo, na baada yake kuna kimya cha mtu anayengoja kuitikiwa.

Katika wiki yangu ya mwisho ya majaribio ilinyesha mvua tangu asubuhi. Baada ya saa nane mchana kijibati cha Namanyere kilidondoka. Nilichomeka nikasikia mngurumo tu, kama bisi zinazopasuka. Kanuni ilikuwa sauti isiposikika, ondoa, uachie laini. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Chomoa, binti."

Ndani ya mngurumo nikasikia pa, pa, pa. Kimya. Pa, pa, pa. Kimya.

"Mzee, kuna mtu."

"Kuna mvua. Chomoa."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kamba, na kazi yangu yote ilikuwa kwenye mkono huo. Sikuchomoa. Nikapaza sauti: "Kama unanisikia, piga kofi moja!"

Pa.

Mkuu aliinama akaweka sikio kwenye hedifoni yangu. Nikaendelea: kofi moja ni ndiyo, mawili ni hapana. Unapiga kutoka kwenye kituo cha afya? Pa. Mgonjwa ni mtoto? Pa, pa. Ni mzazi? Pa. Anatoka damu? Pa, kwa nguvu. Mnataka gari? Pa, pa, pa, pa, makofi yasiyo na hesabu tena. Mkuu wa Kituo ndiye aliyechomeka kamba ya hospitali kwa mkono wake mwenyewe, na Landrova ikaondoka na daktari.

Mama yule alipona, na mwanawe. Muuguzi aliyepiga alikuja baadaye kunishukuru. "Sauti ilikataa kupita," akasema, "nikaona basi angalau nisalimie." Siku nne baada ya mvua ile Mkuu alinipa barua ya kuthibitishwa. "Nilisema chomoa," akaniambia. "Kwenye barua hiyo nimeandika kwamba hukusikia." Nikatuma nakala kwa mama, ikazunguka mtaa wote.

Nilipelekwa Mpanda, kisha Namanyere yenyewe, nikarudi Sumbawanga nikiwa Opereta Mkuu. Kila opereta mgeni niliyempokea nilimpeleka kwanza kukaa kibandani, awatazame watu, ndipo aguse kamba.

Mitambo ya kujiendesha ilipofika, suichibodi ikafungwa na muda wangu ukawa umetimia. Karani wa mafao alikuja na fomu ya kusafirisha mizigo ya mstaafu hadi nyumbani kwake. Nyumba yangu nilikuwa nimeijenga hapa hapa, basi nikaandika: Malangali.

"Mama, hapa ni haki yako ya gari mpaka Tanga," akasema. "Malangali si hapo tu?"

"Ndiyo hapo. Lete gari hilo hilo kubwa."

Likaja lori la tani saba kwa safari ya dakika kumi, na majirani wa Kizwite wakapanda juu pamoja na vitanda vyangu, wakiimba njia nzima.