Mwalimu Aliyekuja Nakivale Kukaa Peke Yake

Neno kujitegemea nililifahamu kabla sijajua kwamba ni fasihi. Pale Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, mgao wa chakula ulipopunguzwa, watu wa mashirika walitukusanya Base Camp, penye ofisi zao, wakatueleza kwamba sasa tunajengewa moyo wa kujitegemea. Tukapewa soda ya bure, na fulana za bure zilizoandikwa JITEGEMEE mgongoni. Mama yangu alilimia ya kwake hadi herufi za mwanzo zikachubuka, ikabaki TEGEMEE tu. Akaendelea kuivaa.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma fasihi chuoni Mbarara, na mwalimu wetu akaanza kutufundisha habari za Wamarekani wa zamani walioamini kwamba mtu aisikilize nafsi yake kuliko umati, akae karibu na maumbile, aishi kwa vichache na asimtegemee yeyote, nilidhani anazungumzia shirika jingine. Nikauliza kama na hao walianza kwa kupunguza mgao. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akasema hilo ni swali la mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake akausikia mti ukipumua.

Alisema kweli. Nyumbani kwetu Misiera, kimojawapo cha vijiji vya Nakivale, tulilala chumba kimoja na ndugu zangu wote, pamoja na kuku. Aliyekuwa akipumua usiku tulimjua kwa jina.

Mwalimu mwenyewe aliishi juu ya kilima cha Kamukuzi, katika nyumba yenye geti, mlinzi, mpishi na dada wa kufua. Alikuwa mtoto wa askari, amezaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi hapo Mbarara, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha kijeshi, kinachoamrisha hata kinapoomba. Siku moja baada ya kipindi akaniita.

"Kijana, wewe natoka Nakivale. Huko iko ziwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Iko nyumba kidogo karibu na maji? Haina watu?"

Ilikuwapo. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha udongo kando ya ziwa, cha kulindia mahindi, na mahindi yalikwisha kuvunwa.

"Likizo hii mimi nakuja kaa pale. Peke yangu. Hapana taka mtu. Umesikia?"

Alikuja na pikapu ya kukodi. Waliomwona akipita Kabingo walidhani kuna duka linahama. Alishusha godoro, chandarua, jiko la gesi, katoni za maji ya chupa, taa ya sola, kiti cha kukunja, na sanduku la vitabu vinavyosifu maisha yasiyo na vitu. Mjomba alikizunguka kibanda, kisha akaninong'oneza: "Bintu byote ibi bitaingia humu, ao tumujengee ingine nyumba?"

Asubuhi mwalimu alikaa nje, akitazama mafunjo na ndege. Wanawake waliokuwa wakienda kuchota maji walimwona. Wakirudi, wakamkuta vilevile. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kanisani: kuna mtu ziwani, havui samaki, haogi, wala hamngojei yeyote. Kwetu mtu anayekaa hivyo amefiwa, au ameharibikiwa kichwa, au amefukuzwa na mke. Ili wasikosee, akina mama wa kanisa waliamua kumhudumia kwa yote matatu.

Walifika kwa mstari, mama yangu mbele, nami nyuma na sahani, wamebeba bugali wa muhogo, sombe ya kisamvu na maharage. Mwalimu aliniangalia kama nimemuuza.

"Mama, asante," alisema. "Lakini mimi hapana taka watu. Mimi natafuta nafsi yangu."

Mama akatua sufuria. "Uliipotezea fasi gani?"

"Ndani yangu."

Mama akanigeukia, akasema kwa sauti ambayo mwalimu aliisikia vizuri: "Ni kichwa."

Basi wakaketi. Hawakumsumbua kwa maneno, maana mtu mwenye majonzi hasemeshwi sana. Walikaa naye tu, wamemzunguka, mpaka akala. Na alikula vizuri mno kwa mtu asiyemtegemea mtu. Wakamwombea, wakaahidi kurudi, wakarudi. Kesho yake walimleta mchungaji. Siku iliyofuata walileta kwaya, ikasimama ukingoni mwa maji na kuimba pamoja na ngoma, ndege wote wakaruka. Hata mwenyekiti wa kijiji alikuja kumpa pole bila kuuliza ya nini.

Jioni nikamkuta mwalimu amejibanza nyuma ya kibanda na kitabu chake.

"Hawa watu hapana choka?"

"Hawachoki, mwalimu. Wanasema ukiachwa peke yako utazidi."

Jiko la gesi hakupata hata nafasi ya kuliwasha.

Aliyeumaliza upweke wake ni kiboko. Alfajiri moja simu yangu ililia, na mwalimu akasema kwa kunong'ona:

"Kijana. Iko kitu kubwa hapa mlangoni. Nakula."

"Anakula nini?"

"Nyasi. Lakini naangalia mimi."

"Usitoke, mwalimu. Tunakuja."

"Kuja na watu."

"Watu wangapi?"

"Wote."

Tukaenda wote. Wanaume walipiga madumu, akina mama walipiga masufuria na kuimba, na mjomba alipiga kelele tu. Kiboko alitutazama kwa dharau, akarudi majini bila haraka yoyote. Mwalimu akatoka amejizungushia chandarua mabegani. Habari za maumbile hakuzitaja.

Siku zilizobaki alihamia kwetu. Mama alimtandikia mkeka nyuma ya pazia, upande wa kuku, nami nikajiandaa kusikia malalamiko. Alilala fofofo mpaka jua likapanda. Jioni, akimsaidia mama kumenya mihogo, akaanza kusimulia mwenyewe. Kule kambini walikulia watoto wengi katika chumba kimoja cha bati, pazia katikati, wakiwasikia majirani wakipika, wakikohoa, wakigombana. Baba yake akirudi kutoka vitani, mstari mzima wa nyumba ulijua kabla ya mke wake.

"Mimi nilikuwa nasema, siku moja nitapata pahali kimya."

"Na ulipata?" mama akauliza.

"Kamukuzi iko kimya sana," alisema, akachukua muhogo mwingine.

Kwa siku chache hapo sikuweza kumcheka.

Aliondoka na mzigo mwepesi. Godoro na jiko alimwachia mama, na kiti kikasahauliwa kibandani. Mama alikwenda kukichukua, hakurudi. Nikamfuata. Nilimkuta amekikalia, ameelekea ziwa, mikono imelala mapajani. Sikukumbuka kuiona mikono ya mama ikiwa haina kazi.

"Mama, kuko shida?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

"Minakaa."

"Nikae na wewe?"

Alifikiri, ili asinivunjie heshima. "Hapana, mutoto wangu. Wende."

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kila mchana. Wenzake wa kanisani waliingiwa na wasiwasi, wakaanza kuzungumzia kupika. Mama akawatumia salamu kwamba wakimletea kwaya, atahamia ng'ambo ya ziwa.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu alitoa mhadhara mbele ya chuo kizima kuhusu likizo aliyoishi porini, mtu na maumbile tu. Kiboko alikuwemo, ila sasa walikuwa wametazamana machoni na kuelewana. Sisi hatukuwemo. Masufuria hayakuwemo. Mwanafunzi mmoja aliuliza alikuwa akila nini.

"Vichache," mwalimu alijibu, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi niliyeosha zile sahani nilipiga makofi pia, kwa kuwa alikuwa mwalimu wangu na mtihani ulikuwa karibu.

Tulipotoka alinivuta pembeni ya mlango.

"Kijana. Sikukuu mimi narudi."

"Kibandani, mwalimu?"

"Hapana kibanda." Aliangalia huku na huku. "Kwa mama. Nyuma ya pazia."

Nikamwambia nitamuuliza. Lakini nikamweleza pia kwamba siku hizi mchana mama haonekani nyumbani, yuko ziwani, amekaa, na ameagiza mtu yeyote asimfuate.

"Na nani?"

"Peke yake."

Mwalimu akakunja uso, akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Hiyo si mzuri. Lazima mtu aende angalia yeye."