Kitunguu Saumu Mchana wa Ramadhani

Mkamwana wangu Sabra hana makuu. Anaamka, anapiga deki, anapanda bajaji kwenda Raskazone, kwenye karakana ndogo ambako wanasaga madini na kuyakandamiza yawe vigae vyembamba kama biskuti. Miaka miwili sikumuuliza ni vya nini.

Ramadhani hii nikaanza kusikia kitunguu saumu. Kila alasiri akirudi, akifungua kinywa kunisalimu, harufu hiyo. Siku za mwanzo nilinyamaza. Ilipofika ya tano nikasema moyoni, huyu anakula kobe, anakula mchana kwa siri huko kazini. Ningedhani yuko katika siku zake, lakini harufu iliendelea; siku gani hizo za mwanamke zinazofika kumi na mbili? Nikamdokeza jirani yangu Semeni, nikaapa kwamba mwanangu Massoud akirudi kutoka Pemba Ijumaa nitamweleza, aamue kama huyo bado ni mke.

Alhamisi umeme ulikatika karibu na magharibi, tambi ziko jikoni. Sabra akatoa kigae kwenye mkoba, akakibana kati ya ubavu wa jiko la mkaa na kopo la maji baridi, akaunga nyaya mbili kwenye taa ndogo. Ikawaka, hafifu, lakini niliziona tambi zangu.

"Upande huu moto, huu baridi, umeme unatoka hapo," akasema. "Ni madini ya bismuthi na teluri, mama. Huu mchanganyiko mpya bado tunaujaribu. Unapitisha umeme vizuri, joto unalichelewesha. Tukifaulu, mtu wa kijijini Mkwaja atapika na kuchaji simu kwa jiko hilohilo."

Nilifurahi kweli, ila mimi sina kifua. "Na hicho kitunguu saumu unakilia nini huko?"

Akanitazama. "Ni vumbi la teluri. Likiingia mwilini hata kidogo, pumzi inanuka hivi kwa siku nyingi. Nilivua barakoa kwa joto, msimamizi keshanigombeza. Mama, ulidhani nakula?"

Aibu ilinijaa. Nikamwambia yote, na la Massoud, na la Semeni, nikamwomba radhi.

Asubuhi nilikwenda kwa Semeni kusema kwamba nimemsingizia mtoto wa watu. Akaniuliza kama Sabra mwenyewe anajua.

"Anajua," nikasema. "Nilimwambia kabla hatujafuturu. Akalia kidogo, akanawa uso, akanipakulia mimi kwanza."