Siku Nilipomchapishia Mzee Wilfred Kitabu cha Matanga Angali Hai

Nitawaambia, lakini mkicheka chekeni polepole, kwa sababu aibu hii bado haijapoa, na nikiikumbuka nikiwa peke yangu kwenye gari huwa najisemesha kwa sauti, "Nyaboke, siku ile akili yako ulikuwa umeiweka wapi," mpaka watu wa gari la pembeni wananigeukia. Mimi ndiye niliyemfanyia matanga mzee aliye hai, nyumbani kwake, siku yake ya kuzaliwa, mbele ya majirani zake wote, na waombolezaji nikawaleta mwenyewe (sikuwaita, lakini mtaona kwamba ni kama niliwaita).

Mzee anaitwa Wilfred, Mwingereza, miaka themanini na mitano, na mimi ndiye ninayemwangalia mchana nyumbani kwa binti yake Judith, huko Apple Valley, nje kidogo ya mji wetu huku ughaibuni. Namwogesha, nampa dawa, namfanyisha mazoezi ya goti, namkorogea uji ambao anautia chumvi badala ya sukari (nilipigana naye miezi miwili juu ya hilo, nikashindwa). Lakini kazi kubwa ilikuwa kusikiliza, kwa maana mzee huyu alikuwa mwigizaji, na si wa kubahatisha. Alianza akiwa na umri wa miaka kumi na tisa kwenye jukwaa la London, akishika mkuki nyuma ya mfalme bila kusema neno, neno lenyewe akapewa mwaka wa tatu, kisha akazunguka Uingereza nzima na kikundi cha maigizo, kisha runinga, kisha sinema. Na kwenye sinema, sijui ni sura yake au ni bahati tu, walikuwa wanamuua. Amewekewa sumu, amesukumwa kwenye jabali, amenyongwa, amepigwa risasi na wake zake wa kuigiza mara tatu. Ana daftari lenye vifo vyake vyote, arobaini na viwili, na pembeni ya kila kimoja ameandika kama kilikuwa kizuri au cha ovyo.

Nilimpenda mzee huyu, nasema wazi. Nimeangalia wazee miaka tisa, nimehamishwa nyumba hii na ile, na kwake ndipo kwa mara ya kwanza nilipoamka asubuhi nikiwa nataka kwenda kazini. Kwa hiyo kuipoteza kazi ile ndicho kitu nilichokiogopa kuliko theluji ya Januari, na ofisi yetu ina sheria moja ambayo haina msamaha: picha ya mteja na habari zake hazitoki nje ya nyumba yake. Ukikosea, unaondolewa siku hiyo hiyo.

Sasa Judith akataka kumfanyia baba yake sherehe, Jumapili saa tisa, majirani waje. Shida ni kwamba majirani walimjua Wilfred kama mzee anayesimamisha mbwa wao barabarani na kuwauliza habari, hawakujua amekuwa nani duniani. Judith akasema angependa kijitabu kidogo cha kuwaeleza safari ya baba yake ya uigizaji, ila hajui nani wa kukitengeneza, na mimi, na mdomo wangu huu, nikamwambia aniachie.

Lazima mjue kwamba pale kanisani kwetu Frogtown, ambako tuko Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, mimi ndiye katibu wa kamati ya mazishi. Mtu akifiwa na mzazi kule nyumbani, ibada tunaifanya huku, na kijitabu cha ibada nakitengeneza mimi, nimevitengeneza hadi vidole vinajua njia vyenyewe. Cha siku ya kuzaliwa sikuwa nimewahi kutengeneza hata kimoja.

Hapo ndipo nilipoamua kale kajambo kadogo kalikonimaliza. Badala ya kuanza upya nikafungua kile cha mwisho, cha baba yake dada mmoja wa kwaya, nikatoa picha ya marehemu, nikaweka ya Wilfred, nikabadilisha majina. Fremu ya zambarau nikaiacha kwa sababu ni nzuri. Maua meupe nikayaacha. Mawingu yenye mwanga nyuma ya kichwa nikayaacha pia (yalimpendeza, haki ya Mungu). Ndani nikapanga kama ninavyopanga siku zote: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, ugonjwa, aliowaacha. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha ya mtu yanavyoandikwa, na wala haikunipitia kichwani kwamba mtu aliye hai hana haja ya hizo sura mbili za mwisho. Kwenye kazi nilijaza kurasa nne. Kwenye ugonjwa nikaandika kwa ustadi wa muuguzi: presha, goti la kushoto, "ambayo aliyavumilia kwa ujasiri."

Jumapili asubuhi, vitabu vikiwa vimeshatoka kwenye mashine ya kuchapishia ya Judith, nikapiga picha ya jalada nikamtumia Kemunto. Kemunto ni rafiki yangu wa chanda na pete, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Plymouth (ya huku huku, si ile ya Uingereza), na kwenye kamati yetu yeye ndiye kamanda wa chapati. Nikamwandikia tu, "Niangalizie hii, iko sawa?" Akanirudishia sura inayolia na mikono ya kuomba. Mimi nikadhani amependezwa mpaka machozi, nikajisifu moyoni, nikaitia simu kwenye mkoba kama sheria ya zamu inavyotaka, nikaenda kupuliza maputo.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba Kemunto aliipeleka picha ile kwenye grupu ya kanisa, akaandika kwamba dada yetu Nyaboke amefiwa na mzee wake wa kazini, na jalada lilikuwa na kila kitu, siku, saa na namba ya nyumba. Kamati yetu ina kasoro zake lakini haichelewi msiba.

Saa tisa kasoro robo majirani walikuwa wameshaketi sebuleni, kama kumi na wawili hivi, na kijitabu kila mmoja mkononi, wamenyamaza kimya ambacho nilikichukulia kuwa ni heshima. Mzee alikuwa juu chumbani. Nilikuwa nimemvika suti nyeupe, akakataa kabisa kuonekana kabla ya wakati, kwa sababu mwigizaji haonekani kabla hajaingia, kisha akaniomba nimkalishe kwenye kile kiti cha umeme kinachoteleza kwenye reli ya ngazi, atashuka mwenyewe akiwa tayari. Nikamkalisha, nikashuka jikoni kupanga mishumaa kwenye keki.

Nikiwa na mshumaa wa sabini na kitu nikasikia kengele ya mlango, buti zinavuliwa, buti nyingi, halafu wimbo. Wimbo wa Kiswahili, kwa sauti nne, ule tunaoimba jeneza likiingia.

Nilipochungulia, keki ikiwa mikononi, sebule ilikuwa imejaa watu weusi waliovaa nguo nyeusi, kwaya karibu yote, sufuria za pilau, chupa za chai, na Kemunto mbele na beseni la chapati lililofunikwa kitambaa. Majirani walikuwa wanatabasamu na kupiga makofi taratibu, walidhani Judith amekodi kwaya. Judith mwenyewe, maskini, alidhani ni marafiki zangu wamekuja kusherehekea, akawa anawakaribisha kwa furaha, na Kemunto alipomuuliza kwa sauti ya chini mzee yuko wapi, akamjibu kwamba yuko juu, tumeshamvalisha, ataletwa chini sasa hivi.

Kemunto akawageukia wenzake. "Mwili uko juu," akasema, na akina mama wakaanza kulia sawasawa.

Nikataka kukimbia kuwazuia, lakini Pasta wetu, Mkongo mmoja mpole sana, akanidaka mlangoni na kunikumbatia kwa nguvu mpaka keki ikanilalia kifuani. "Courage, ma sœur," akaniambia, yaani jipe moyo dada yangu, "tuko pamoja." Nikajaribu kumweleza, maneno yakaishia kwenye koti lake, naye akaona ni uchungu, akanikaza zaidi.

Na hapo ndipo kiti cha ngazi kilipoanza kunguruma. Mzee alikuwa amesikia wimbo, akajua ni wa kwake, na mtu aliyefanya kazi ya jukwaa miaka sitini hawezi kuacha wimbo kama ule upite bure. Akashuka polepole (kile kiti hakina mwendo mwingine), suti nyeupe, mikono imekunjwa kifuani, macho amefumba kwa utamu. Kwaya ikamwona, na sauti zikakatika moja baada ya nyingine, besi wakawa wa mwisho. Kiti kikafika chini, kikalia ti. Mzee akafumbua jicho moja.

Kemunto akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka ng'ambo ya mto, beseni likaenda huku na chapati zikaenda kule, na mwenyekiti wa kamati, mwanamume mzima, akatoka nje na soksi kwenye theluji. Mzee akafumbua la pili, akatazama umati wote ule, akauliza kwa upole kwa nini wamenyamaza.

Judith alikuwa ameokota kijitabu. Nikamwona anafungua ukurasa wa ugonjwa, kisha wa aliowaacha, kisha jalada la nyuma, ambako chini kabisa ya ratiba nilikuwa nimesahau kufuta mstari uliosema watu wote watapita kumtazama kwa mara ya mwisho. Akaniita jikoni. Hakupaza sauti, na ningeona nafuu kama angepaza. Akaniuliza ni akina nani wengine walio na picha ya baba yake, nikamwambia ukweli, kanisa zima, akasema anasikitika lakini Jumatatu atalazimika kupigia ofisi yangu. Nikasema naelewa. Nilikuwa nimeshaanza kuvua aproni.

Mzee akagonga fimbo sakafuni kule sebuleni. Alitaka wasifu wake usomwe, wote, na alitaka usomwe na aliyeuandika. Judith akajaribu kumwambia kwamba kuna makosa, akajibu kwamba hata nusu ya michezo aliyoigiza ilikuwa na makosa na watu waliketi mpaka mwisho.

Basi nikasimama mbele ya majirani na kwaya, nina malai ya keki kifuani, nikasoma. Nikaanza na mkuki, nikaja kwenye neno la mwaka wa tatu, na Pasta akawa anatafsiri kwa wale mabibi wa Kongo. Nilipofika kwenye vifo, akina mama wakawa wanaguna pole kwa kila kimoja, na mzee anawakatiza kueleza sumu ilikuwa ya rangi gani. Jabali likashangiliwa. Kwenye ugonjwa, niliposoma goti la kushoto, alicheka mpaka nikaogopea presha. Halafu nikafika kwa aliowaacha, nikasimama, nikasema siwezi.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Ameacha binti mmoja, Judith, na wajukuu wawili. Mzee akanyoosha mkono akachukua kijitabu, akaomba kalamu.

"Miaka sitini wananiua," akasema, "nalala chini, pazia linashuka, nabebwa. Sijawahi hata mara moja kubaki nikasikia nilivyosemwa. Leo nimesikia, na kuna mtu mmoja amesahauliwa."

Akaandika chini ya jina la Judith, akampa binti yake. Judith akausoma mstari ule, akausoma tena, akanipa nisome. Alikuwa ameandika jina langu. Nililia mimi, akalia Judith, na kwaya, ambayo ilikuwa imejiandaa kulia tangu asubuhi, haikuhitaji kubembelezwa.

Jumatatu Judith hakupiga simu ofisini. Aliniomba tu niifute ile picha kwenye grupu, na Kemunto akaifuta mbele yangu, na mimi nikaikabidhi kamati barua ya kujiuzulu ukatibu. Chapati ziliokotwa zikaliwa, pilau likaisha, na majirani mpaka leo wanamuuliza Judith ile kwaya inapatikana wapi.

Nimeapa na sirudi nyuma: mtu aliye hai akitaka kijitabu kwangu nitamnunulia kadi dukani, iliyochapwa tayari, yenye puto. Lakini kanisani bado hawajaniachilia. Kila Jumapili tukitoka ibadani Kemunto ananishika mkono na kuniuliza kwa sauti, watu wakisikia, marehemu anaendeleaje. Nami namjibu kwamba hajambo, anakula vizuri, na anauliza mtakuja lini tena kumzika.