Saa Kumi ya Vinanda na Kadi ya Baba Mkubwa

Sisi tuliokulia Mkuyuni enzi za kuanika betri juani hatuhitaji kukumbushwa saa kumi jioni ilivyokuwa. Redio yetu ya hapa hapa Mwanza, yenye studio juu ya kilima cha mawe, ilimaliza matangazo ya vifo, halafu vikaingia vinanda na fidla. Saa nzima ya muziki usio na neno hata moja. Mtangazaji, Bi. Verediana, kwa sauti yake ya taratibu alitaja jina la kila kipande na la mtunzi wake wa huko Ulaya, na hakuna aliyelishika. Sisi tulikuwa na majina yetu. Kulikuwa na Mvua ya Ukerewe, kulikuwa na Mama Anafukuza Kuku, na kile kizito cha taratibu kilichopendwa kuliko vyote, Ng'ombe Wanarudi. Watu waliyaandika majina hayo kwenye kadi za salamu bila wasiwasi wowote, na Bi. Verediana, baada ya kuhangaika wiki kadhaa kuuliza, akayajua yote.

Baba alikuwa fundi cherehani, na miguu yake ilifuata fidla. Zikienda mbio, suruali iliisha kabla mteja hajamaliza soda. Ukileta nguo siku ya vinanda vya taratibu, utaivaa wiki ijayo. Sisi watoto tuliacha mchezo wa rede uwanjani, tukakaa kibarazani na matobolwa ya moto ya viazi vitamu mapajani. Mama hakutaka uvivu. "Kinachosikiliza ni sikio," alikuwa anasema. "Mikono iendelee kuchambua dagaa."

Kadi ya salamu, kwa mliosahau, ilikuwa na mistari kumi ya majina, na chini yake nafasi ya muziki unaoomba. Utaratibu ulijulikana: mkubwa wa ukoo anakaa mstari wa kwanza, wengine wanafuata. Baba alikuwa mtu wa watu. Pasaka moja alijaza mistari yote kumi, mashangazi wa Magu, wajomba wa Sengerema, wateja wake, mpaka muuza mkaa wa mtaani. Akamsahau kaka yake.

Kaka yake huyo, Baba Mkubwa Masanja, alikuwa mfugaji kule Bujora. Siku hiyo alikuwa amekaa na wazee wenzake wakisikiliza, na jina la baba liliposomwa aliwaambia, "Tulieni, sasa natajwa." Akatajwa muuza mkaa. Baba Mkubwa aliizima redio, akaifunga kwenye kitenge, akaiweka juu ya kabati. Hakukanyaga tena kwetu.

Mtu akinuna unaweza kumwacha anune, lakini dada yangu Kabula alikuwa na mchumba kutoka Buhongwa. Kwetu, baba mzazi hasemei mahari ya binti yake. Msemaji ni kaka yake mkubwa. Wazee wa mchumba walikuja mara mbili, mara mbili wakanywa chai na kurudi walivyokuja. Tukasikia mama wa kijana ameanza kumtajia mwanawe binti mwingine, wa Igoma. Wangekuja Jumamosi kwa mara ya mwisho. Dada Kabula alikuwa halali wala hali. Baba alituma watu Bujora kuomba msamaha, na jibu lilirudi fupi: "Mwambieni amwite muuza mkaa akaseme."

"Baba Kabula," mama akamwambia, "kosa ulilifanya hewani. Kaliondoe huko huko hewani."

"Nimwombe radhi Mwanza nzima inasikia?"

"Na ulivyomruka, ilisikia nani?"

Alhamisi baba alivaa koti lake la kanisani, akapanda mawe mpaka studio, akakabidhi kadi mkononi mwa Bi. Verediana. Ijumaa saa kumi hatukugusa dagaa. "Fundi wa Mkuyuni," Bi. Verediana akasoma, "anamsalimu kaka yake mkubwa, Mzee Masanja wa Bujora." Tukasikia karatasi ikigeuzwa. "Mistari mingine tisa ameiacha wazi. Anaomba Ng'ombe Wanarudi."

Vinanda vikaanza. Dada Kabula alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Baba alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Ndipo mimi, mropokaji wa nyumba, nikauliza: "Kwani Baba Mkubwa si alishaifungia redio kwenye kitenge?"

Wote walikuwa wamesahau.

Asubuhi ya Jumamosi, hata uwanja haujafagiwa, Baba Mkubwa akaingia na fimbo yake.

"Shikamoo, kaka," baba akasema, amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa namba shuleni.

"Ngoja kwanza nikae." Akakaa. "Jana nakamua, akaja jirani. Masanja, umetajwa! Nikamwambia aende zake. Sijamaliza ng'ombe wa pili, wakaja wanne. Mwalimu akaja na baiskeli, anahema. Hata yule mgomvi wangu wa mpaka wa shamba, mwaka wa tatu huu hatusalimiani, akaja kusimama kwenye uzio: kadi nzima ni yako peke yako, we mzee! Sasa nibaki nyumbani nifanye nini?" Akamgeukia baba. "Ila mimi mwenyewe hiyo ledio sijaisikia. Utaandika nyingine."

"Nitaandika, kaka."

"Marahaba."

Saa nne wageni walipofika, alisema yeye, na alisema vizuri. Dada Kabula sasa ana wajukuu wawili Buhongwa.

Mimi nimezunguka. Nimekaa Kahama, Geita, Bukoba, Kigoma, na kila mahali nimehama kabla majirani hawajanizoea. Redio ile bado ipo, ila saa kumi wanabishana mpira. Mtoto wa Kabula alinitafutia Ng'ombe Wanarudi kwenye simu, akakipata mara moja, na jina lake la Ulaya nimelisahau tena. Akakiacha kicheze, dakika haijaisha akauliza, "Mama mdogo, kinaanza lini?" Kisha akarudisha spika zake masikioni.

Simlaumu, lakini siwezi kusema uongo kumfurahisha: sisi tulisikiliza vizuri zaidi. Tuna kundi la ukoo kwenye simu, watu wengi kuliko wale waliokuja kwenye harusi ya Kabula. Mwezi uliopita binamu yetu mmoja alisahaulika kwenye orodha ya shukrani za msiba, akajitoa. Simu ikaandika kwa herufi ndogo kwamba ametoka, na chini yake mtu akatuma kichekesho. Siku ya pili nilimwona mpwa wetu aliyeitunga orodha ile ameandika samahani ndefu sana, majina yote yametajwa, la binamu likiwa la kwanza. Ameiandika humo humo kwenye kundi ambalo binamu alishatoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda kumwambia kwamba ametajwa.