Bunduki Isiyo na Ila

Tangu asubuhi fundi bunduki alikuwa roho juu. Mwindaji mmoja alimwachia bunduki mpya ya kuwindia aitie mkanda tu, kazi ya dakika kumi. Mkanda ulishatiwa zamani. Lakini fundi aliapa haitoki karakanani mwake kabla hajaipata na kasoro.

"Kitako cha plastiki!" alifoka. "Hata ndoo ya chooni ni plastiki! Za zamani zilikuwa mti na chuma, mama watoto. Unamrithisha mjukuu."

Mkewe, aliyekuwa pembeni akishona mifuko ya bunduki, hakuinua macho.

Fundi akaumulika mtutu kwa tochi: umenyooka, unang'aa. Akavuta kifyatulio: chepesi, hakikwami. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Akaenda mlangoni, akarudi, jasho likimtiririka kama anayesaka mwizi chumbani mwake.

"Haina ila," alikiri mwishowe, kwa sauti ya mfiwa. "Lakini ya zamani haiharibiki, ng'o!"

Mkewe akakata uzi kwa meno. Akautazama ukuta wa nyuma, zilikoegemezwa bunduki kuukuu kumi na moja zinazongoja matengenezo, vitako vimepasuka, mitutu imeliwa na kutu.

"Baba watoto," alisema taratibu, "kama haziharibiki, miaka yote hii sisi tumekula nini?"

Fundi akaketi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bunduki mpya ilimlalia mapajani, nzima kabisa, haina haja naye.