Weupe wa Msiro

Mama mkwe wangu aliikataa picha ya kwanza, akaikataa na ya pili. Hasemi nami ana kwa ana. Kwetu mkwe hukaa upenuni na mama mkwe hukaa ndani, maneno yakipita kwa mtu wa tatu. Nyumbani kwake, kijijini Mute, mtu wa tatu ni mdogo wake.

"Mwambie huyo bwana, mimi sikuzaa mtoto wa rangi ya jivu."

"Amekusikia. Hata mbuzi wa jirani wamekusikia."

"Basi mwambie tena. Alichoniletea hapa ni maiti."

Mke wangu alifia hospitalini Pemba, mji ulio kusini mwetu, kwa maradhi ya ini, akazikwa hukohuko. Mama yake hakuwahi kumwona kabla hajazikwa. Aliniomba kitu kimoja tu, picha ya mwanawe kama alivyokuwa, na mimi kazi yangu ni picha. Nilirudi na bahasha yangu, nimechoka. Uchovu wa msiba si kama wa shamba. Ukilala, unaamka nao.

Studio yangu ni chumba kimoja Mocímboa da Praia, karibu na bandari. Shule sikufika mbali, na kompyuta nilijifunza kwa kubonyezabonyeza. Rangi tulizipanga wawili, mimi na mke wangu, kwa macho. Wateja wetu wengi walikuwa wanawake waliopaka msiro usoni, ule uji wa mti unaosagwa na maji juu ya jiwe, nao walitaka msiro wao utoke mweupe. Basi mke wangu alikuwa akijipaka msiro mgongoni mwa mkono, anausogeza kwenye kioo cha kompyuta, nami nageuza rangi mpaka aseme, "Hapo hapo. Kama maziwa." Mashine ya kuchapa nayo tukaipanga hivyo hivyo.

Lakini msiro si mweupe. Una manjano kidogo ndani yake. Tulipoyaondoa kwenye msiro tuliyaondoa kwenye kila kitu, mchanga, meno, ngozi za watu. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ngozi yenyewe ilikuwa imefunikwa. Lakini katika picha niliyotaka kuchapa, mke wangu hakujipaka kitu. Amekaa mlangoni mwa studio asubuhi, ananingojea nijaribu kamera.

Nilimtumia picha ile mwenzangu wa Pemba, mpiga picha kama mimi, akanipigia simu.

"Ndugu yangu, pole. Lakini macho yako yamezoea uongo. Nunua kifaa cha kupimia rangi."

Aliniambia viko vya namna mbili. Kimoja kidogo, kinaning'inizwa mbele ya kioo cha kompyuta, kinasoma rangi na kukinyoosha kioo kionyeshe rangi za kweli. Kingine kinapima kioo na karatasi pia. Unachapa ukurasa wa visanduku vya rangi, unakipitisha juu yake mstari kwa mstari, kama pasi.

"Chukua kidogo," alisema. "Wewe picha zako za vitambulisho, unataka nini zaidi?"

"Hicho kidogo kitainyoosha mashine ya kuchapa?"

"Hapana. Kioo tu."

"Mama mkwe hatazami kioo changu. Anatazama karatasi."

Akacheka. "Bado mbishi kama zamani. Haya, kuna mtu hapa anauza kikubwa, kimetumika."

"Kimetumika wapi?"

"Hapahapa pwani."

Kisha yeye mwenyewe akanitahadharisha. Alikuwa na kidogo cha zamani ambacho vioo vyake vya ndani vilipauka kwa unyevu, kikawa kinadanganya bila yeye kujua. Sikuwa na nguvu ya kudanganywa mara ya pili. Niliuza kamera yangu ya akiba, nikaagiza kikubwa, kipya, baada ya kumuuliza mwenzangu kama kitakubali kompyuta yangu kuukuu na kama kitafanya kazi mtandao ukikatika. Mtandao, aliniambia, unahitajika mara ya kwanza tu.

Kilipofika nilifunga dirisha ili jua lisipige kioo, nikaiacha kompyuta ipate moto kwanza. Kilisoma kioo. Nikachapa ukurasa wa rangi, nikauacha ukauke hadi kesho yake, nikakipitisha juu yake. Kazi haikuwa ngumu, ilitaka subira, na subira ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilipoifungua picha, mke wangu alikuwa amerudi na rangi yake ya maji ya kunde. Nilikaa nikamtazama. Kisha nikaona macho. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano.

Nilidhani kifaa kimekosea. Nikafungua picha ya jirani niliyempiga asubuhi ileile, mlango uleule. Macho yake meupe. Wakati ule mke wangu alikuwa bado hajalalamika hata maumivu ya tumbo.

Kuyasafisha macho ni kazi ndogo. Wateja huniomba kila siku. Niliweka mkono juu ya kipanya, nikauondoa. Nikachapa kama ilivyo, na karatasi ikatoka sawa na kioo.

Mute nilikaa upenuni kama kawaida. Mdogo wake mama mkwe akaipeleka picha ndani.

"Huyu ndiye," mama mkwe akasema. Halafu, "Muulize, haya macho ameyaona?"

"Anauliza—"

"Nimeyaona juzi," nikajibu, nikiuelekea ukuta. "Zamani sikuyaona."

"Mwambie mimi niliyaona siku ya Idi alipokuja kunisalimu. Nikasema ni kukosa usingizi. Nikamwambia akalale."

Mdogo wake hakunipitishia maneno hayo. Nilisikia sanduku likifunguliwa kupokea picha, likafungwa. Baadaye mdogo wake akaniletea chai nje, akakaa mkekani pembeni yangu mpaka nikaimaliza.