Picha ya Saa Tatu na Robo

Siku hizi Glodie Mbuyi harushi droni popote Dilala, mjini Kolwezi, kabla hajapita nyumba kwa nyumba. Hupiga hodi kwenye kila lupango, yaani ua, husalimia, kisha husema, "Mama, kesho asubuyi kuko kitu kitapita pa yulu ya lupango. Ni ya mi. Kama muko na neno, munambie." Watu humcheka: mpiga picha gani anatangaza kazi yake kama mhubiri wa sokoni? Wateja nao hununa, maana kazi ya siku moja anaifanya kwa siku tatu. Na wanune.

Zamani alisifika kwa usiri. Barua ya ruhusa mkononi, mahali pa kutua pamekaguliwa siku mbili kabla, upepo umepimwa, uzio wa mgodi umechorwa mstari mwekundu kwenye ramani ili asiuvuke. Aliirusha droni wakati watu wakiwa kazini na watoto shuleni, juu kiasi kwamba mlio ulimezwa na kelele za taxi-moto. "Hakuna mutu mwenye aliinua kichwa," alijigamba kila alipomaliza.

Ndivyo alivyoupiga picha mtaa mmoja, mwezi wa sita mwaka jana. Mteja alisema anataka kununua viwanja. Glodie alikagua kila kitu kilichoweza kuiangusha droni au kumtia yeye mbaroni. Hakuuliza yale maturubai ya rangi ya chungwa uani yamefunika nini, ingawa kila mtu wa Kolwezi anajua: chini yake kuna shimo, na shimoni kuna mtu anayefuata kobalti. Alituma picha saa nne. Saa saba watu wa mteja, ambaye kumbe alikuwa akitafuta mashimo tu, walifika na katapila wakafukia mashimo yote, mbiombio, bila hata kuita huko chini.

Ilisemekana hakukuwa na mtu ndani. Glodie alitamani mno kuamini. Lakini tangu siku ile akipita ule mtaa hukanyaga taratibu, kama mtu apitaye chumbani kwa mgonjwa aliyelala. Anaogopa, basi. Anawaogopa watu ambao huenda hawapo.

Wiki iliyopita, katika mtaa uleule, alipiga hodi kwa Mama Simone, mjane wa Kikasai auzaye unga. Mama hakujali habari za kesho.

"Ni weye ulipiga ile picha."

"Ni mi, mama."

"Mutoto yangu Papy, asubuyi ile alisema anashuka mu shimo, atapanda mangaribi. Kisha bantu banasema balimuona mu njia ya Musumba, alienda kulima. Mi siwezi kuweka kilio ya mutu mwenye eko analima. Unionyeshe."

Angeweza kusema ameifuta. Neno lilimfika hadi ulimini. Badala yake alitoa simu, kwani picha ile ameikuza mara zisizo na idadi, na anajua mahali pa kutazama.

Wachimbaji hushuka pekupeku. Kandambili huachwa mdomoni mwa shimo, na anayepanda huvaa zake akaenda. Saa tatu na robo, picha ilipopigwa, kando ya turubai la uani kwa jirani wa Mama Simone, palikuwa na jozi ya buluu, ukanda mmoja umefungwa kwa waya.

"Ni yake," Mama Simone alisema. "Mi nilifunga ile waya."

Glodie alipiga magoti akaomba msamaha, akilia. Mama alikuwa angali ameishika simu kwa mikono miwili, akiivuta picha kwa kidole gumba.

"Biko bine," alisema, akihesabu kandambili: nne.

Glodie aliinuka akatazama. Kwa miezi saba alikuwa ameiangalia jozi moja tu. Nyingine, nyeusi, ilikuwa ndani ya kivuli cha turubai.

Mama Simone alimrudishia simu, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka nje mbele yake.

"Twende," alisema. "Kuko mama mungine anangoya."